Leseni, Usajili na Imani: Usimamizi wa Dola juu ya Vituo vya Kidini vya Tiba ya Uraibu katika Jimbo la Texas

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna jimbo la Texas nchini Marekani lilivyoshughulikia swali ambalo nchi nyingi hulikwepa: je, kituo cha kidini kinachopokea waraibu wa pombe na dawa za kulevya kinapaswa kuwa na leseni ya serikali kama vituo vingine vya tiba? Texas ililijibu swali hili mwaka 1997 kwa kutunga sheria mahususi. Jibu lake limekuwa mfano kwa wanaounga mkono uhuru wa asasi za kidini, na onyo kwa wanaohofia usalama wa wagonjwa.

Mjadala huu huelezwa mara nyingi kana kwamba ni mvutano wa pande mbili, yaani leseni kamili kwa upande mmoja na uhuru kamili kwa upande mwingine. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba mgawanyo huo unapotosha. Ndani ya kituo kimoja cha kidini yamo mambo matatu yanayoweza kutenganishwa kisheria: mafundisho yanayotolewa, usalama wa mwili wa anayepokelewa, na ukweli wa maelezo anayopewa kabla ya kuingia. Sheria ya Texas iliyatenganisha mambo hayo kwa kiasi fulani. Ubora wake na upungufu wake vyote viwili vinatokana na mahali ilipochora mipaka.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika makala haya, leseni ni idhini ambayo mamlaka ya dola huitoa baada ya kujiridhisha kwamba mwombaji ametimiza viwango vilivyowekwa, kama vile sifa za watumishi, hali ya majengo, utunzaji wa kumbukumbu na haki za wagonjwa. Idhini hiyo huambatana na ukaguzi na inaweza kufutwa. Usajili ni jambo jepesi zaidi. Anayejisajili huijulisha mamlaka kwamba yupo na anafanya kazi gani. Mamlaka haithibitishi ubora wa kazi hiyo. Msamaha wa leseni ni hali ambapo sheria inakitambua kituo lakini inakiondolea wajibu wa kuomba idhini.

Kituo cha kidini ni kile ambacho njia yake ya kumsaidia mraibu ni ya kiroho: sala, mafunzo ya maandiko, nidhamu ya maisha ya pamoja na ushauri wa viongozi wa imani. Hakina budi kutofautishwa na hospitali inayomilikiwa na kanisa au taasisi ya Kiislamu lakini inatoa tiba ya kawaida kupitia madaktari na wauguzi. Hospitali ya namna hiyo ni ya kidini kwa umiliki tu, na hakuna aliyedai kwamba isamehewe leseni. Mgogoro wa Texas ulihusu vituo ambavyo dini ndiyo tiba yenyewe.

3.0 Chimbuko la Mgogoro: San Antonio, 1995

Teen Challenge ni mtandao wa vituo uliotokana na kazi ya mhubiri David Wilkerson miongoni mwa vijana wa magenge na waraibu wa jiji la New York mwishoni mwa miaka ya 1950. Msimamo wa mtandao huo ni kwamba uraibu kimsingi ni tatizo la kiroho, na kwamba mabadiliko ya kweli huja kwa kuongoka. Wengi wa wahudumu wake ni watu waliowahi kuwa waraibu na kupita katika programu hiyohiyo.

Mwaka 1995, Tume ya Texas ya Pombe na Dawa za Kulevya ilikikagua kituo cha mtandao huo kilichopo San Antonio. Tume ilikuta kasoro za aina mbili. Za kwanza zilihusu majengo na kumbukumbu. Za pili zilihusu watumishi: washauri wa kituo hawakuwa na sifa ambazo kanuni za jimbo zilidai kwa mtu anayetoa tiba ya uraibu. Kituo kilitakiwa kutimiza masharti au kuacha kazi, na kilitishiwa adhabu.

Kasoro za aina ya kwanza zingeweza kurekebishwa kwa fedha na muda. Za aina ya pili zilikuwa tofauti kwa asili yake. Kituo kilipotakiwa kuajiri washauri waliofunzwa na kufanyiwa mitihani kwa misingi ya kitabibu na kisaikolojia, kilichoguswa hakikuwa tu ubora wa huduma bali pia imani juu ya chanzo cha tatizo. Mhudumu aliyeamini kwamba uraibu ni dhambi hakuona kwa nini afanye mtihani unaomfundisha kwamba ni maradhi. Mwezi Julai mwaka huo wafuasi wa kituo walikusanyika mbele ya Alamo, ngome ya kihistoria iliyopo katikati ya San Antonio, kupinga hatua ya tume.

Gavana wa wakati huo, George W. Bush, aliwaunga mkono na kituo kikaendelea na kazi. Mwaka 1996 aliunda jopo la ushauri kuhusu asasi za kidini zinazotoa huduma kwa jamii. Taarifa ya jopo hilo ilitoka Desemba mwaka huohuo, ikapendekeza jimbo lipunguze vizuizi dhidi ya asasi hizo. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilipitisha sheria ya msamaha, ambayo sasa ni sehemu ya sura ya 464 ya Mkusanyo wa Sheria za Afya na Usalama za Texas.

4.0 Masharti ya Sheria ya 1997

Sheria hiyo haikuviachia vituo vya kidini uhuru usio na mipaka, ijapokuwa wafuasi na wapinzani wake huielezea mara kwa mara hivyo. Ili kupata msamaha, programu lazima iendeshwe na asasi ya kidini, iwe ya kidini au ya kiroho pekee, isiwatibu watoto, na isajiliwe na mamlaka ya jimbo.

Zaidi ya hayo, kuna makatazo na wajibu. Kwanza, kituo kilichosamehewa hakiruhusiwi kutoa huduma za kitabibu, ikiwa ni pamoja na kumwondolea mtu sumu ya kilevi au kumsimamia kitabibu katika kipindi cha kuacha. Pili, matangazo na machapisho yake lazima yaeleze kwamba huduma zake ni za kidini pekee, hazina leseni wala hazidhibitiwi na jimbo, na kwamba njia zake si za kitabibu. Tatu, anayepokelewa lazima atie sahihi tamko linalosema mambo hayohayo, nalo lihifadhiwe katika kumbukumbu zake. Kituo kinachokiuka masharti haya kinaweza kupoteza msamaha. Aidha, mamlaka za afya na za zimamoto zinabaki na uwezo wao wa kukagua majengo.

Mpangilio huu una mantiki inayoeleweka. Bunge lilibadilisha nafasi ya dola kutoka mthibitishaji wa ubora na kuwa msimamizi wa ukweli wa maelezo. Mtu mzima anayetaka kutibiwa kwa sala ana haki hiyo, ilimradi asidanganywe kwamba anaingia hospitalini. Isitoshe, sura hiyohiyo ya 464 imeviacha nje ya leseni vikundi vya kusaidiana vya hatua kumi na mbili, visivyotoza ada wala kudai kuwa ni vituo vya tiba. Kwa hiyo, wazo kwamba si kila msaada kwa mraibu ni tiba inayohitaji idhini si wazo la kidini peke yake.

5.0 Pengo la Siku za Kwanza

Udhaifu mkubwa wa mpangilio huu unaonekana pale sheria inapokutana na mwili wa mraibu. Mtu aliyekunywa pombe kwa wingi kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupatwa na degedege ndani ya siku moja au mbili, na baadaye akaweweseka, akatetemeka na kupandwa na homa kwa kiwango kinachoweza kumuua. Hatari ya namna hiyo humkabili pia aliyezoea dawa za usingizi za kundi la benzodiazepini. Arosto ya heroini, kama waraibu wa pwani yetu wanavyoiita, huwa na mateso makali lakini kwa kawaida haiui yenyewe. Hatari yake hujitokeza baadaye: mwili uliokaa bila heroini kwa wiki kadhaa hupoteza ustahimilivu, na anayerejea kwenye kipimo chake cha zamani anaweza kufa.

Sheria ya Texas inakikataza kituo kilichosamehewa kutoa huduma ya kitabibu katika kipindi hicho. Katazo hilo ni la busara, kwa kuwa linazuia wasio na ujuzi kugawa dawa. Hata hivyo, kukataza tiba si sawa na kuhakikisha kwamba anayeihitaji anaipata. Ili mgonjwa apelekwe hospitali kwa wakati, lazima kwanza awepo mtu anayeweza kutambua dalili za hatari. Utambuzi huo ni aina ya ujuzi ambao msamaha hauudai. Tamko analotia sahihi linamwambia mgeni kwamba hapa hakuna daktari. Halimwambii kama hali yake mwenyewe inamhitaji daktari.

Kuna tatizo la pili. Ridhaa iliyoandikwa huchukulia kwamba mtia sahihi ana utulivu wa kuelewa anachosaini. Waraibu wengi hufika kituoni wakiwa wamelewa, wakiwa katika arosto, au wakisukumwa na familia zilizokata tamaa. Mfumo ulioweka uzito wote wa ulinzi katika karatasi ya siku ya kwanza umeuweka katika siku ambayo mhusika ana uwezo mdogo kuliko siku nyingine zote.

Tatizo la tatu ni la dawa za muda mrefu. Methadoni na buprenofini hupunguza vifo miongoni mwa waraibu wa heroini na jamii yake. Kituo kinachoziona dawa hizo kuwa ni kubadilisha kilevi kimoja kwa kingine kinaweza kumtaka anayeingia aziache. Sheria haimzuii kufanya hivyo, wala tamko la lazima halimtaki amweleze mgeni hatari ya kuacha.

6.0 Sheria za Jumla Zinapofanya Kazi ya Leseni

Mtafiti anayechunguza vituo vilivyosamehewa leseni hana budi kuangalia nje ya sheria ya leseni. Sheria za jumla zinaendelea kuvibana vituo hivyo, na wakati mwingine huwa na nguvu zaidi.

Mfano bora ni wa kazi. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Tony and Susan Alamo Foundation, taasisi ya kidini iliyoendesha biashara mbalimbali kwa nguvu za wafuasi wake, wengi wao wakiwa waraibu wa zamani au watu waliokuwa wakirandaranda bila makao. Hawakulipwa mshahara; walipewa chakula, mavazi na malazi. Wao wenyewe walidai kwamba walijitolea kwa ajili ya Mungu. Mahakama iliamua kwa kauli moja kwamba sheria ya ujira wa chini iliwahusu, kwa kuwa walifanya kazi wakitarajia malipo ya vitu badala ya fedha. Uamuzi huo unavigusa vituo vingi, maana kazi ni sehemu ya nidhamu ya kiroho, na pia ni chanzo cha mapato. Mpaka kati ya mambo hayo mawili hauonekani kwa urahisi.

Mfano wa pili ni wa siri za wagonjwa. Kanuni za shirikisho zinazolinda kumbukumbu za tiba ya uraibu huzihusu programu zinazopata msaada wa serikali ya shirikisho, na msaada huo unahesabiwa kujumuisha hata msamaha wa kodi. Kwa hiyo kituo kisicho na leseni ya jimbo, lakini kinachojitambulisha kuwa kinatoa tiba ya uraibu na kufaidika na msamaha wa kodi, hakiwezi kudhani kwamba wajibu wa kutunza siri haukihusu.

Mahakama nazo zimeweka misingi inayokwenda pande zote mbili. Katika kesi ya Employment Division dhidi ya Smith ya mwaka 1990, Mahakama Kuu ilisema kwamba sheria ya jumla isiyoilenga dini haivunji katiba kwa sababu tu inagongana na ibada ya mtu. Walioshindwa katika kesi hiyo, kwa sadfa, walikuwa washauri katika kituo cha tiba ya uraibu huko Oregon, waliofukuzwa kazi kwa kutumia peyote katika ibada. Kwa msingi huo, katiba ya shirikisho haikuilazimisha Texas kutoa msamaha wa leseni. Ulikuwa ni uamuzi wa kisiasa wa bunge. Baadaye, mwaka 1999, Texas ilipitisha sheria yake ya kulinda uhuru wa dini, inayoitaka serikali ya jimbo ioneshe sababu nzito kabla ya kuibana ibada.

7.0 Fedha za Umma na Hiari ya Mgonjwa

Msamaha wa leseni ungekuwa suala dogo kama vituo vingeendeshwa kwa sadaka pekee na kupokea wanaokuja kwa hiari pekee. Hali ilibadilika fedha za umma zilipoanza kuelekezwa huko. Mwaka 2000 Bunge la Marekani liliruhusu asasi za kidini kushindania fedha za shirikisho za tiba ya uraibu bila kuficha utambulisho wao. Fedha za moja kwa moja hazikuruhusiwa kutumika kwa ibada au kueneza dini, na mgonjwa anayepinga sura ya kidini ya kituo alipewa haki ya kupelekwa kwingine. Mwaka 2003 Bush, akiwa rais, alitangaza mpango wa hati za malipo ambazo mgonjwa angezipeleka kwenye kituo anachokichagua. Texas ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kupata fedha hizo mwaka 2004.

Tofauti kati ya njia hizo mbili ilionekana mahakamani katika kesi ya kituo cha Faith Works cha Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Mwaka 2002 mahakama ya shirikisho iliona kwamba ruzuku ya moja kwa moja kwa kituo hicho ilivunja katiba. Lakini malipo yaliyofuata uchaguzi wa mtu aliye chini ya uangalizi wa magereza yalikubaliwa, na mahakama ya rufaa ikathibitisha hivyo mwaka 2003. Sharti lilikuwa kwamba uchaguzi uwe wa kweli. Tayari mwaka 1996, katika kesi ya Kerr dhidi ya Farrey, mahakama hiyohiyo ya rufaa ilikuwa imesema kwamba mfungwa hawezi kulazimishwa kuhudhuria programu yenye maudhui ya kidini.

Hapa ndipo hoja ya hiari inapojaribiwa. Msamaha wa Texas unahalalishwa kwa kusema kwamba mtu mzima amechagua. Lakini anayepewa na hakimu nafasi ya kuchagua kati ya gereza na kituo pekee kilicho karibu hajachagua kwa maana ambayo sheria inaikusudia.

8.0 Funzo la Msamaha Sambamba

Mwaka huohuo wa 1997 Texas ilipitisha sheria nyingine iliyoruhusu makao ya kidini ya watoto kuidhinishwa na chombo binafsi badala ya serikali. Makao yaliyoanzishwa na mhubiri Lester Roloff huko Corpus Christi, ambayo yalikuwa yamefungwa mwaka 1985 baada ya mvutano mrefu na jimbo kuhusu leseni, yalirejea chini ya utaratibu huo. Baada ya tuhuma za ukatili dhidi ya vijana waliolelewa humo, bunge liliuacha utaratibu huo ukome mwaka 2001. Msamaha wa vituo vya uraibu ulibaki.

Matokeo haya tofauti yanafundisha. Kilichoanguka ni utaratibu ambao asasi zenye imani moja zilikaguana zenyewe, na ambao uliwahusu watoto wasioweza kuridhia wala kuondoka. Kilichobaki ni utaratibu unaowahusu watu wazima na unaobeba wajibu wa kusema ukweli. Hata wabunge waliovutiwa na wazo la kuipunguza dola waliuona mpaka huo.

9.0 Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Kwa Tanzania na Kenya, mfano huu si wa kuigwa moja kwa moja, bali unasaidia kuuliza maswali sahihi. Kenya, kupitia sheria ya mwaka 2012 iliyoanzisha NACADA, imeipa mamlaka hiyo jukumu la kutoa leseni kwa vituo vya kurekebisha waraibu na kuvidhibiti. Nchini Tanzania, tiba ya methadoni iliyoanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 inakwenda sambamba na nyumba za upataji nafuu, ambazo kwa kawaida huendeshwa na asasi za kiraia na watu waliowahi kuwa waraibu.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaziweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Je, nyumba inayomfungia mraibu ndani na kumwombea ni shughuli ya jumuiya ya dini, au ni kituo cha tiba? Kwa mtazamo wa makala haya, ni vyote viwili, na ndiyo sababu jibu moja kwa kituo kizima halitoshi. Sala na mafundisho ni ya jumuiya. Degedege ya usiku wa pili, mlango uliofungwa kwa kufuli na kazi isiyolipwa ni mambo ambayo dola haiwezi kuyatazama kwa mbali.

10.0 Hitimisho

Sheria ya Texas ya 1997 ilitambua jambo la kweli: dola haina ujuzi wa kupima sala, na mtihani wa serikali si kipimo cha wito wa mhudumu. Ilitambua pia kwamba anayeacha kudhibiti ubora anabaki na wajibu wa kuhakikisha ukweli. Upungufu wake ni kwamba ilidhani ukweli wa karatasi unatosha kumlinda mtu aliye katika siku zake dhaifu kabisa.

Masharti matatu yangeweza kuziba sehemu kubwa ya pengo hilo bila kugusa imani. La kwanza ni uchunguzi wa kitabibu wa kila anayeingia, ufanywe na mtoa huduma wa nje mwenye leseni, kabla au mara baada ya kupokelewa. La pili ni tamko la ridhaa kurudiwa baada ya siku za arosto kupita, pamoja na maelezo kuhusu dawa zilizopo na haki ya kuondoka. La tatu ni njia ya malalamiko inayofika kwenye mamlaka iliyo nje ya kituo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaka mhudumu aseme kwamba uraibu ni maradhi wala kwamba ni dhambi. Yote matatu yanadai tu kwamba anayeingia akitafuta wokovu awe hai atakapoupata.